Buibui wa kwenye mashine ya kahawa, na mbege ambayo baba mdogo hakuionja

Wakuu, habari za humu.

Nimeona mabishano kwenye uzi wa juzi kuhusu watu kulishwa sumu kwenye pombe za kienyeji, nikaona niandike ya kwangu. Picha sina. Mwenye shaka abaki nayo, maana hata mimi siamini kitu mpaka nimekigeuza pande zote. Ila haya yalipita kwenye mwili huu huu ninaoutumia kuandika, na sijaongeza chumvi.

Ni ndefu kidogo. Vuta kiti.

Miaka hiyo wanunuzi binafsi wa kahawa ndiyo kwanza walikuwa wameanza kupanda milimani na pickup zao. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu Dar, nasoma physics, na nilikuwa na ule ugonjwa wa mwaka wa pili wa kuuliza kila kitu. Padre akihubiri, nauliza. Mama akisema usikae mlangoni, nauliza mlango una nini. Nyumbani wakanibatiza jina la pili: Kwanini.

Likizo ikafika nikarudi kwetu Kibosho, juu kabisa, kule ambako barabara ilikuwa ni mawe yaliyopangwa na mvua. Mwezi wa nane huko ukungu unakaa migombani mpaka mchana. Unasikia mtu anakohoa, unasikia ng'ombe, humwoni mtu wala ng'ombe. Mlima wenyewe unajionyesha unapotaka, dakika chache, halafu unajifunika tena kama haukuwepo.

Kwanza niwape watu wangu, ili msipotee.

Baba alikuwa ameshafariki. Alianguka asubuhi moja katikati ya mibuni, mtu mzima wa afya, ndoo yake pembeni, na hakuamka. Watu wakasema amepewa kitu. Shangazi yangu Apolonia, dada yao mkubwa, hakusema. Yeye aliamini tu, na kuamini kwa shangazi ni kuzito kuliko kusema kwa wengine.

Baba mdogo Gaspari, kitinda mimba wao, ndiye akabaki anasimamia kihamba, yaani lile shamba la ukoo la migomba na kahawa. Kati yake na mama kulikuwa na maneno madogo ya mpaka. Hawakuwa wanagombana, ila hata salamu zao zilikuwa fupi.

Sasa Jumapili moja binti wa baba mdogo alikuwa amepata kipaimara. Sherehe ilikuwa kwake, hatua chache kutoka kwetu.

Asubuhi, kabla ya sherehe, mama aliniomba niangalie mashine ya baba ya kumenyea kahawa. Bei ilipoanguka na baba akafa, ile mashine ilisukumwa pembeni ya banda ikaota kutu. Sasa wanunuzi wapya walikuwa wanalipa papo hapo, mama akataka turudi kazini.

Niliingiza mkono kwenye mdomo wa mashine mpaka kiwiko, nikawa natoa majani makavu na utando. Kitu kikanichoma ndani ya mkono, chini kidogo ya kiwiko. Nikajua ni waya. Nikafuta kwa suruali, nikaenda kuoga.

Hapo naomba nisimame kidogo kwa wasiotoka kwetu. Mbege ni pombe ya ndizi na ulezi. Ukimpa mtu mbege, unaonja wewe kwanza mbele ya macho yake, ndipo unampa kata, kile kibuyu cha kuchotea na kunywea. Leo inaitwa adabu, lakini kila mtu anajua ilikoanzia. Anayeonja anasema bila kusema: humu hamna kitu.

Sasa pale uwanjani kwake, baba mdogo alichota, akaiangalia ile kata, akanipa.

Hakuonja.

Mimi sikuona ajabu yoyote, nilikuwa na kiu. Shangazi Apolonia aliona.

Padre akala, akabariki, akaondoka na mbavu za nyama alizopewa zimefungwa kwenye jani la mgomba. Watu wakaanza kuchangamka. Mimi nikaanza kusikia mkono unauma, kama jino. Maumivu yakapanda mpaka kwapani, yakavuka kifua, yakashuka tumboni, na kila yalipopita misuli ilikaza na kubaki imekaza. Tumbo likawa ubao. Jasho likatoka kama nimeoga na nguo.

Halafu moyo.

Sijui niwaelezeje. Niliusikia nje yangu. Kama mtu anatwanga nyumba ya jirani, haraka haraka, hana mpango wa kupumzika. Nikawa nawasikiliza watu wanaoongea na sauti zao zinanifikia zikiwa zimelowa. Nikaona gauni jeupe la binti wa kipaimara, naye amesimama, mikono mdomoni, na lile gauni likawa linapanuka kama ukungu mpaka likajaza uwanja wote.

Katikati ya weupe huo ndipo nikasikia shangazi.

"Gaspari. Ulionja?"

"Dada, mgonjwa kwanza."

"Nimekuuliza, ulionja?"

Baba mdogo akainama kunifungua vifungo vya shati.

"Nilikuona. Umempa mtoto wa marehemu kata kavu kavu, kama unamnywesha ng'ombe."

"Dada, watu wanasikia."

"Wasikie. Kwani nimeongea Kilatini?"

Akaingia ndani. Aliporudi alikuwa amebeba chungu.

Wakuu, wale wa kwetu mlioko humu najua mmeshashtuka. Kwa wengine: kwetu kuvunja chungu ni kuapiza. Mtu anataja ubaya aliotendewa, anakivunja, na aliyetenda huisha yeye na uzao wake. Kikishavunjika hakirudi, hata mkipatana kesho yake. Ndiyo, sisi ni Wakatoliki wa kusali rozari kila jioni. Chungu kilikuwa pale pale.

Na uzao wenyewe ulikuwa umesimama pale kwa gauni jeupe, mafuta ya askofu hayajakauka usoni.

Mama alimshika shangazi mkono. "Wifi, ngoja. Ngoja tujue."

"Na ya kaka tulingoja tukajua nini?" Kisha akakaa chini, chungu mapajani. "Haya. Mpelekeni. Akirudi atatuambia mwenyewe amekula nini. Mkirudi naye amefunikwa, mimi sitauliza mtu tena."

Mnunuzi mmoja wa kahawa alikuwa jirani na pickup yake. Wakanilaza juu ya magunia.

Safari ile ya kushuka mjini sijawahi kuipata tena, hata nikipita barabara ile ile. Nilikuwa nimelala chali. Majani ya migomba yalikuwa yanapita juu yangu, kijani, kijani, kisha mwanga, kisha kijani. Magunia yananuka kahawa mbichi. Kila jiwe lilipogonga gari, tumbo lilijibu. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa mahali fulani pembeni, natazama. Nilisikia maji ya mfongo, ule mfereji wetu wa kienyeji unaoshuka kutoka msituni, yanapita masikioni mwangu. Baadaye sana nikaelewa kwamba ilikuwa damu yangu.

Nikajiuliza: je, baba mdogo amenipa sumu?

Nilikuwa naulizia kila kitu duniani, na hili nikaliuliza vile vile, kama swali la mtihani. Jibu lilikuja ndiyo, likaondoka, likaja hapana. Yote mawili yalikuwa na sauti sawa. Mama amenishika kichwa, anasali, na midomo yake ikawa inatembea bila maneno.

Hospitali jina nitaliacha. Daktari wa kwanza, kijana, alibonyeza tumbo akasema utumbo umetoboka, waandae chumba cha upasuaji. Mama akamwambia hapana, mtoto amelishwa sumu. Wakawa wanavutana juu yangu, kila mmoja na kifo changu anachokijua yeye.

Ndipo akaja daktari mkubwa wao. Mama mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Moshi mjini, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Alinipima presha. Akaipima tena. Akahamisha kile kitambaa kwenda mkono wa pili, na hapo akauinamia mkono wenyewe.

Feni ilikuwa imeshaanza kunikausha. Lakini ndani ya mkono wa kulia, chini ya kiwiko, palikuwa na duara dogo limelowa peke yake, jasho limetuna kama umande, na vinyweleo vyote vya hapo vimesimama.

"Kijana, leo umeingiza mkono wapi?"

"Nimekunywa mbege."

"Sijauliza mdomo. Nimeuliza mkono."

Nikamwambia mashine. Akacheka kidogo, ile ya mtu aliyekutana na anayemfahamu. Akamgeukia yule daktari kijana: "Rudisha visu vyako. Wakati wa mavuno ya mpunga huwa naletewa hawa kutoka Chekereni, wameng'atwa wakishika mabua. Huyu tofauti yake ni kwamba ameng'atwa akiwa amevaa shati la sherehe."

Kisha kwa mama: "Ni buibui, mama. Wale weusi wenye tumbo la duara. Dawa yenyewe ya sumu yake hapa hatuna. Tutamlegeza misuli, tutatuliza maumivu, tutakaa naye. Watu wengi wanapona."

Mama akauliza kama angeweza kuwa ni buibui na sumu ya mtu kwa pamoja. Daktari alimtazama kwa heshima. Akasema, "Sumu ya mtu haitoi jasho sehemu moja ya mkono."

Sindano ikaingia. Nikashuka taratibu, kama jani linalozama kwenye maji yaliyotulia.

Kesho yake akili ilivyorudi, ugonjwa wangu wa zamani nao ukarudi. Nikamuuliza yule daktari iweje mdudu mdogo kuliko punje ya kahawa apandishe presha ya mtu mzima. Hakuuma maneno. Alivuta kiti.

"Wewe wa physics unadhani mishipa ya fahamu ni nyaya, sivyo?"

Nikasema ndiyo, umeme si unapita humo.

"Unapita, mpaka mwisho wa waya. Pale waya unakatika. Kati yake na moyo, au kati yake na ukuta wa mshipa wa damu, kuna pengo. Umeme hauruki hapo. Ujumbe unavuka kwa majimaji, dawa iliyofungwa kwenye vifuko vidogo sana. Ujumbe ukifika, vinafunguka vifuko vichache. Vingine vinasubiri. Kwenu mnamwagilia kwa mfongo?"

"Ndiyo."

"Kwa zamu?"

"Kwa zamu. Ukifungulia siku isiyo yako unaitwa kwenye kikao."

"Basi sumu ya buibui huyu inakwenda kwenye ncha ya mshipa wa fahamu, inatoboa mlango. Calcium inaingia pale bila kuitwa, na vifuko vyote vinamwagika kwa pamoja. Ni kama mtu amepita usiku akafungulia mageti ya mfongo mzima, kila shamba, mpaka bwawa limekauka. Ncha zinazouambia moyo kimbia, zimemwaga. Zinazoiambia mishipa ya damu jibane, zimemwaga. Njia inakuwa nyembamba, moyo unasukuma kwa nguvu, presha inapanda. Misuli ya tumbo nayo inakaza. Tumbo lako halikuwa na kosa lolote. Lilikuwa linapigiwa kelele tu."

"Na ubongo?"

"Ubongo haukutuma kitu."

Nililala pale natazama dari. Moyo wangu ulikuwa umeitikia kwa nguvu zote, na hakuna aliyeuita. Nikawafikiria watu wa uwanja ule, jinsi walivyokuwa wanapiga kelele, na shangazi na chungu chake.

Maana mimi nilikuwa nimepona, wakuu, ila baba mdogo alikuwa bado. Nikirudi na habari ya buibui, bado kungebaki lile swali: kwa nini hakuonja? Hilo buibui hakulijibu.

Mchana baba mdogo mwenyewe akaja. Alisimama mlangoni mwa wodi na kofia mkononi, hakuingia. Mama alikuwa ananikorogea uji. Alimwona, akaendelea kukoroga. Salamu haikutoka upande wowote. Mimi nikasema shikamoo baba mdogo, akaitikia kwa sauti ya chini, bado amesimama pale pale kama mtu anayesubiri kufunguliwa.

Yule daktari akatokea nyuma yake na kumgonga bega.

"Mzee Gaspari. Siku yako ya kliniki si leo. Dawa za presha unameza?"

Baba mdogo akatazama sakafu. "Nameza, daktari."

"Na pombe umeacha kweli, au unanidanganya?"

"Nimeacha. Hata kuonja sionji."

Kijiko cha mama kikasimama kwenye uji.

Daktari alituangalia sisi, akamwangalia yeye, ndipo akajua kuwa tunahusiana, na kwamba amesema mbele za watu jambo ambalo halikuwa la watu. Akaomba radhi. Baba mdogo akasema hapana, daktari, umenisaidia, na akaingia ndani akakaa pembeni ya kitanda changu.

Mama akamuuliza polepole, "Shemeji, si ungesema?"

"Niseme nini, shemeji. Mwanaume wa Kibosho haonji mbege? Wangesema nimeokoka. Wakimaliza kucheka wangesema naumwa, nakaribia, na mpaka ungesogezwa kabla sijazikwa."

Mama alicheka. Sikumbuki kama niliwahi kumsikia akicheka na baba mdogo tangu msiba. Kisha akampa uji wangu.

Kabla hawajaniruhusu, daktari alipima presha yangu tena. Maumivu yalikuwa yameisha lakini namba bado hazikumpendeza. Akamuuliza mama, baba wa huyu alikufa na nini? Mama akasema alianguka. Daktari akaandika kitu kwenye faili langu, akasema ndugu wote wa damu waje wapimwe, na mimi nisiiache hii presha eti kwa sababu buibui ameondoka.

Tulipanda nyumbani sote watatu.

Shangazi alikuwa pale pale kwa baba mdogo, barazani, chungu pembeni yake. Binti wa kipaimara alituambia kwamba alikuwa anakaa hapo tangu tulivyoshuka, anakula akiletewa, haongei.

Nikamweleza. Nikamchukua mpaka bandani, nikageuza mashine kwa mti. Buibui alikuwa ndani ya mdomo wa mashine, mweusi, ana doa jekundu chini ya tumbo, na vifuko vyake vya mayai vimeningʼinia kwenye utando kama punje zilizosahaulika. Shangazi aliinama akamtazama muda mrefu.

"Haya. Buibui yupo," akasema. "Kwa hiyo? Buibui kuwepo ndiyo mbege iwe safi?"

Wakuu, mimi ndiye Kwanini wa nyumba ile, na swali lile ndilo ningeuliza mimi. Nilimwambia habari ya jasho la mkono. Akatikisa kichwa kama mwalimu anayepokea nusu ya jibu.

Akamgeukia mdogo wake. "Gaspari, sijajibiwa. Kwa nini hukuonja?"

"Nimekatazwa, dada."

"Na nani?"

"Na moyo. Nina presha. Mwaka wa pili huu nameza dawa. Naamka kichwa kinagonga, naona vinyota, nasikia mapigo shingoni."

Ukungu ulikuwa umeanza kushuka, mashine ikawa inapotea polepole, halafu banda.

"Kichwa," akasema mwishowe. "Asubuhi?"

"Asubuhi zaidi."

"Kaka naye." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Alikuwa ananiambia nimfunge kitambaa. Anasema kaza, dada, kaza zaidi. Nilikuwa namfunga mimi."

Mama alijifunika uso na kanga. Nami nikamwona baba kwa mara ya kwanza tofauti: si mtu aliyelishwa kitu, bali mtu aliyetembea kati ya mibuni na mageti yake yamefunguka siku baada ya siku, bila buibui, bila adui, na sisi tunamkazia kitambaa.

Shangazi alirudi barazani. Akakiinua chungu, na mwili wangu wote ukakumbuka kukaza. Akampa mama. "Kiondoe mbele yangu, wifi. Kaweke ndani."

Kisha akakaa, akauliza, si kwa mtu yeyote: "Sasa yule mzee wa ng'ambo ya mto, nimemnyima salamu miaka yote hii kwa ajili gani?"

Hapo ndipo wote tulijua ni nani aliyekuwa akimshuku. Hakuwa amewahi kumtaja. Mzee wa watu, jirani, aliyekunywa na baba siku moja kabla baba hajaanguka.

Asubuhi iliyofuata nilimwona shangazi akishuka kuelekea mtoni peke yake, mkungu wa ndizi kichwani, anapotea kwenye ukungu kuanzia miguuni. Alikaa huko mpaka jua likatoka. Aliporudi hakuwa na mkungu, na hakutuambia walichozungumza. Mpaka leo hajasema, na ni swali pekee ambalo sijamuuliza.

Nilichojifunza? Mtu akianguka ghafla, ulizeni kuhusu mkono wake, kichwa chake cha asubuhi, na presha ya baba yake, kabla ya kumtafuta aliyemchotea pombe. Mashine iliyokaa, buti lililokaa, kuni zilizokaa, gongeni kwanza kabla ya kuingiza mkono. Na presha ipimwe hata kama husikii kitu, maana hii ya kwetu haina sauti kama ya buibui.

Baba mdogo yupo. Kwenye shughuli siku hizi anachota yeye, mimi nimesimama pembeni naonja kwa niaba yake, yeye anakunywa soda. Wakwe wageni wanashangaa, tunawaeleza.

Kama kuna daktari humu na nimekosea pale kwenye vifuko na calcium, anisahihishe, sitanuna. Kama kwenu buibui huyu ana jina, liwekeni hapa, kwetu tulikuwa tunamwita buibui tu. Na kama kuna jirani mnayemnyima salamu kwa kifo ambacho hakuna aliyekipima, huyo msimwandike hapa. Mfuateni kwake.